Chumba Kilichomeza Sauti ya Mama

Mama aliimba mstari mmoja tu, akanyamaza.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua wengine mlinisonya. Jirani yangu mmoja alinifuata na gazeti mkononi kuniuliza mama alinyamaza kwa nini, utadhani mimi ndiye niliyemkaba. Tulieni, nasimulia.

Kwa aliyechelewa, habari ni fupi. Mimi ni fundi wa makochi. Mke wangu ameondoka, na hilo tulishalizika pamoja humu humu gazetini. Mama yangu, aliyeimba kwenye harusi za watu tangu sijazaliwa, amekutwa na uvimbe kooni, pale pale sauti inapotoka. Daktari amesema lazima koo hilo la sauti litolewe. Likitolewa ataishi, ila hatasema wala hataimba tena kwa sauti yake. Likiachwa, uvimbe utasambaa shingoni, na ukishafika huko hakuna daktari atakayeugusa.

Mama aliyasikiliza yote hayo, kisha akatoa sharti moja.

"Nitakwenda. Lakini sauti yangu naiacha nyumbani kwanza."

Studio za mjini hataki hata kuzisikia. Zamani alimrekodia bwana mmoja nyimbo zake, na baadaye akajisikia redioni akitangaza sabuni. Tangu siku hiyo aliapa. Sauti yake, alisema, atampa mwanawe tu, kwa hiyo nimjengee chumba.

Basi nikajenga. Nyuma ya karakana yangu kuna stoo nilimokuwa naweka fremu za makochi. Nikatoa vitu vyote nikaigeuza studio. Na mimi kitu ninachokijua duniani ni sponji. Nikabandika sponji kuta zote, nikabandika darini, nikabandika nyuma ya mlango, nikavuta kitambaa juu yake na kupiga vifungo kimoja kimoja. Nilijivunia sana kazi ile.

Sasa turudi kwa mama.

"Nani amezima?" aliuliza.

"Hakuna aliyezima, mama."

"Mbona sauti yangu hairudi?"

Nikamweleza kwamba ndivyo studio zinavyotakiwa ziwe, kimya kabisa. Nilikuwa nimeona picha za studio kwenye simu, zote zina sponji.

"Humu ukisema neno linaangukia miguuni," mama akasema. "Nimeimba kwenye kumbi, nimeimba uani, nimeimba hata bafuni. Sijawahi kuimba mahali pasiponijibu."

Akajishika koo, akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

"Baba, humu ndani nimejisikia nimeshakufa."

Akatoka.

Mtu mwingine angelia. Mimi niliona kifungo kimoja ukutani kimelegea, nikakikaza. Hivyo ndivyo nilivyo tangu siku ile daktari alipotamka neno "kutolewa". Nakula, naoga, nazungumza na wateja, na ndani hakuna kitu. Ganzi tupu. Dada yangu alilia mpaka macho yakavimba, nami nilikuwa nimesimama kando yake nikiwaza sponji ya unene gani inafaa.

Dada huyo ni mkunga, na ndiye mkubwa wetu. Alipopata habari kwamba mama ameikataa studio, alikuja na sare yake ya kazini, hakukaa hata chini.

"Kwa hiyo sasa inakuwaje?"

"Nitairekebisha."

"Unarekebisha chumba, na uvimbe nao unajirekebisha. We mdogo wangu, una akili kweli?"

"Sharti ni lake, si langu."

"Mrekodi kwa simu! Mweke jikoni aimbe, umalize!"

Nilimwambia mama alishaimba jikoni maisha yake yote na hakuna aliyemrekodi, safari hii anastahili chumba. Dada akasonya. Lakini hakubisha, maana na yeye anajua mama akisema hapana ni hapana.

Nikaenda kumtafuta Sikio.

Sikio ni fundi wa mitambo ya sauti. Amefunga spika kwenye sherehe alizoimba mama kwa miaka mingi. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya ukubwa wa masikio, ingawa kwa kweli hata hayo Mungu hakumnyima. Aliingia studio yangu, akasimama katikati, akapiga kofi moja. Kofi likafa pale pale.

"Fundi," akasema, "hili ni kochi."

"Kochi vipi?"

"Kochi zuri sana, sijaona kochi zuri hivi. Lakini hakuna mtu anayeimba akiwa ndani ya kochi."

Kisha akainamia ukuta, akaguna kwa sauti nzito. Chumba kikavuma. Akahamia kwenye kona, akaguna tena, kikavuma zaidi mpaka nikahisi kifuani.

"Umesikia? Sponji yako imekula sauti nyembamba zote, imeziacha nene. Na hizi nene zinakimbilia kwenye kona. Chumba chenyewe mraba, pande zote sawa, kwa hiyo sauti inagonga huku inarudi, inagonga kule inarudi, inajirundika. Mama akiimba, utamu wote unaliwa, inabaki ngurumo."

Wakati huo huo Cheche, jirani anayechomelea mageti, akawasha mashine yake ya kukatia chuma. Ikasikika kama yuko humo humo ndani na sisi.

"Na huyo?" Sikio akauliza.

"Nilidhani sponji itamzuia."

"Sponji haizuii mtu. Kinachozuia sauti isiingie ni uzito, na mlango usio na upenyo."

Nikauliza tuanzie wapi. Akasema tuanze kwa kuvua. Siku ile nilivua kwa mikono yangu kazi niliyoifanya kwa mikono yangu, kifungo baada ya kifungo, na sikusikia uchungu wowote. Sikio alikuwa akinitazama kwa jicho la pembeni.

"Uko sawa, fundi?"

"Niko sawa."

"Watu walio sawa wangekuwa wameshanitukana."

Nawaambia ukweli, ile kazi iliniokoa. Tulichora sakafuni kwa chaki. Ukuta mmoja tukaujengea mwingine mbele yake, umekaa upande upande, ili chumba kisiwe mraba tena na sauti isipate mahali pa kwenda na kurudi njia ile ile. Katikati ya kuta hizo mbili tukaacha nafasi, na huo mpya tukaujenga kwa mbao nzito zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Kwenye kona tulisimamisha fremu ndefu, nikazishindilia vitambaa chakavu na pamba ya magodoro mpaka zikawa nzito za kubebwa na watu wawili. Mlango tuliufanya wa milango miwili inayofuatana, kila mmoja una mpira pembeni wa kubana. Tulipoifunga yote miwili, Cheche akawa mbali sana, kama yuko mtaa wa pili.

Halafu ikaja kazi ya kioo. Sikio alisema mama akae kwenye kiti atakachoimbia, mbele yake tukaweka spika, kisha yeye akashika kioo na kukitembeza ukutani taratibu.

"Ukiiona spika humo kwenye kioo, sema. Hapo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukujia. Hapo tutaweka kitu laini, na kwingine tutaacha mbao zikujibu."

"Sijaiona," mama akasema. "Bado. Bado. Hapo najiona mimi. Jamani, nimezeeka hivi na hamniambii?"

Sikio akacheka. Mama naye akacheka, kisha akakohoa, akakohoa tena, akafuta mdomo kwa pembe ya khanga na kuikunja haraka. Mimi niliiona ile khanga. Sikio naye aliiona.

"Endelea na kioo chako," mama akamwambia.

Chumba kikaisha. Sikio akapiga kofi, na safari hii chumba kikalipokea, kikalirudisha kidogo, kikanyamaza. Akapiga tena huku akitabasamu. Nikamwita mama.

Akaketi, akavaa hedifoni, akaimba nusu ya ubeti. Mimi si mtaalamu, lakini hata mimi nilisikia tofauti. Sauti yake ilisimama mbele ya maikrofoni, imekamilika, na mikwaruzo yake ya uzee yote ipo.

Akavua hedifoni.

"Bado. Kuna kitu kinavuma kwenye kona ile."

Tukaongeza fremu kwenye kona. Akarudi.

"Kona imekaa vizuri. Sasa kiti kinalia."

Kiti! Mimi fundi wa makochi, kiti changu kinalia! Nilikibomoa, nikakijenga upya bila msumari hata mmoja, kwa gundi tupu. Akarudi.

"Harufu ya gundi inanikaba."

Tukaacha milango wazi mpaka harufu ikatoka. Akarudi, akasema taa inamchoma machoni. Tukabadilisha taa. Akasema zulia limekaa vibaya. Nikaligeuza. Mimi nilikuwa natii tu. Kila kosa alilolisema nililipokea na kwenda kulitafutia dawa, na nikiwa na nyundo mkononi sikuwa na haja ya kuwaza.

Dada ndiye aliyeona kabla yangu.

"Mama anakuchezea," aliniambia siku moja tukiwa karakana.

"Mwimbaji anajua anachokisikia."

"Harufu ya gundi inasikika kwenye wimbo?"

"Dada, acha."

"Nimeshaacha vya kutosha. Sikio la kufa halisikii dawa, wewe endelea tu."

Sikio, aliyekuwa ameinama akiunganisha nyaya, aliinua kichwa.

"Mimi sijafa, dada."

"Si wewe, kaka. Wewe endelea na kazi."

Tulicheka kidogo, hata dada. Kisha akaketi juu ya gogo la mbao na kuniambia habari aliyokuja nayo. Daktari bingwa wa koo, yule anayezunguka hospitali hadi hospitali, amefika. Atafanya upasuaji kwa siku chache, kisha anaondoka, na haijulikani atarudi lini. Dada alikuwa amezunguka ofisi za watu, ameomba, amelia, na amepata kitanda kimoja.

"Mama alazwe kesho. Kesho, unanisikia? Nitakuja na gari mchana. Mwambie aimbe asubuhi, ili gari likifika tuondoke."

Nikamwambia mama. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Kesho yake asubuhi hakuimba. Alisema kwanza afue, kisha akasema kwanza aoge, kisha akalala kidogo. Gari la dada lilipopiga honi nje, ndiyo kwanza mama alikuwa anaingia studio, amejifunga kitambaa kizuri cha kichwani. Cheche alikuwa amezima mashine yake kwa heshima, amekaa nje na wafanyakazi wake wakisubiri.

Sikio alikaa kwenye kompyuta yake kule nyuma ya kidirisha cha kioo tulichokitoboa ukutani. Nikaingia kwa mama kumrekebishia maikrofoni, nikafunga milango yote miwili.

"Fundi," Sikio akaniambia kwenye spika, "nimesikiliza kila kitu. Chumba hiki hakina kosa tena. Tukiendelea kukigusa tutakiharibu."

Mama alinyoosha mkono akaifunika maikrofoni kwa kiganja.

"Mwambie dada yako chumba bado."

"Mama, umemsikia Sikio. Chumba kiko sawa."

"Najua kiko sawa. Kiko sawa tangu ile siku ya kona."

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa bado naangalia zulia.

"Sasa kwa nini ulinibomolesha kiti?"

"Kwa sababu naogopa, baba."

Alilisema polepole, kwa sauti ile ile anayoitumia kuniuliza kama nimekula.

"Chumba kikiwa tayari, na kisu kiko tayari. Nilidhani utachelewa. Hukuchelewa. Wewe na huyo mwenzako mnafanya kazi kama mmetumwa." Akajaribu kucheka. "Nimeongea tangu nina mwaka mmoja. Nitaamkaje siku moja niwe bubu? Nitamwitaje mjukuu? Kwa makofi? Leo usinipeleke. Mwambie bado."

Hapo, wasomaji, mlitaka nipige magoti nilie. Sikulia. Nilimsikia kama mtu anavyosikia habari za mtu mwingine. Nilijua kabisa jibu sahihi ni lipi. Nililijua, lilikuwa hapa kinywani.

Mlango ukafunguka. Dada, simu sikioni.

"Wako kwenye laini," akasema haraka. "Wanauliza kama tunakuja. Kuna mgonjwa mwingine amekaa kwenye benchi la wodi tangu asubuhi anasubiri kitanda hicho hicho. Chumba tayari au bado?"

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

"Jibu!"

"Bado," nikasema.

Kule nyuma ya kioo, Sikio akainamisha kichwa. Dada alinikazia macho kwa muda, akamwangalia mama, akaniangalia tena. Alijua. Mkunga ameshadanganywa na watu wengi, anaujua uongo ukiwa bado mlangoni. Akageuka akatoka na simu yake, na milango ikajibana.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema anayemchelea mama yake inakuwaje.

Chumba changu kilikuwa na kimya kizuri, kimya cha kazi iliyokamilika. Mama akavuta pumzi ndefu, mabega yake yakashuka. Akaivaa hedifoni mwenyewe.

"Washa," akamwambia Sikio.

"Mama?"

"Washa kabla sijabadili mawazo."

Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Sikio akawasha.

Mama akaimba. Si nusu ubeti, wimbo wote. Ulikuwa ule wimbo alioutunga mwenyewe wa kumsindikiza bibi harusi, alioutumia kuwaliza watu kwenye kila ukumbi. *Nenda mwanangu, usigeuke, mlango nimeushika mimi.* Sauti ilipanda ikagusa mbao, mbao zikamjibu, naye akazisikia zinavyomjibu, akazifuata. Akaunganisha wa pili. Akaunganisha wa tatu. Alipokohoa alisubiri kikohozi kipite, akaendelea pale pale alipoishia. Nyimbo nyingine sikuwahi kuzisikia, za kabla yangu, moja ilikuwa ya kumbembeleza dada yangu alipokuwa mchanga.

Kwenye huo wa kumbembeleza mtoto kitu kikanitoka. Nasema wazi, nililia. Nililia kwa kelele, mpaka Sikio akanifanyia ishara ninyamaze nisije nikaharibu kazi, nikajiziba mdomo kwa kiganja. Ilikuwa inauma, na nilifurahi kwamba inauma.

Mama akamaliza. Akavua hedifoni.

"Imeingia?"

"Imeingia yote, mama," Sikio akasema, na yeye kamasi zinamtiririka.

"Nisikilizishe."

Akasikiliza, amefumba macho, kidole kinapigapiga goti. Aliposikia mwisho wa wimbo wa kwanza akainua mkono, ikazimwa.

"Ndiye mimi huyo," akasema. "Kamili."

Kisha akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Haya. Mwambie dada yako awashe gari."

"Gari la nini?"

"La hospitali! Si mlikuwa mnanisumbua twende, twende? Nilikuwa naogopa kuondoka mikono mitupu. Sasa imebaki hapa, mjukuu atanisikia. Koo wachukue. Wahi basi, mimi nafuata mkoba wangu."

Nilisukuma mlango wa kwanza, nikasukuma wa pili. Nilipita karakana nikikimbia, nikajigonga kwenye fremu ya kochi la mteja, sikusimama.

Dada alikuwa ameegemea gari, simu iko mkononi, haiko sikioni tena. Alikuwa analia bila sauti.

"Anakubali!" nikamwambia. "Dada, mama amekubali! Ameimba zote. Wapigie, waambie tunakuja!"

Alinitazama kana kwamba nazungumza lugha nyingine.

"Kitanda wamempa yule wa kwenye benchi," akasema. "Ameshavalishwa nguo za wodi. Nimewasihi wanitafutie kingine, wamesema daktari hana nafasi tena mpaka anaondoka. Nimewapa jibu lako, mdogo wangu. Niliwaambia bado."

Cheche na wafanyakazi wake walikuwa wanatutazama, hakuna aliyethubutu kuwasha mashine.

Nyuma yangu nikasikia hatua. Mama alikuwa anakuja na mkoba wake mdogo, amekaza kitambaa cha kichwani, anatabasamu kwa dada yangu kama mtu anayekwenda harusini kuimba.

"Nisameheni, nimewachelewesha," akasema. "Nikae mbele au nyuma?"